Mkufunzi wa Gofu wa Malindi na Karakana Yake: Huduma Inayostahili Mkataba wa Miaka Mingi

Kwa yeyote anayecheza gofu katika pwani ya kaskazini, au anayetamani kuanza, naomba niseme wazi tangu mwanzo kwamba huduma anayoitoa mkufunzi wetu wa hapa Malindi, ya kufundisha uwanjani na kukarabati fimbo katika karakana yake ndogo huko Muyeye, ndiyo bora niliyowahi kuitumia. Ina kasoro, na nitazitaja, lakini nyingi zinatokana na namna sisi wachezaji tunavyomtumia kuliko na kazi yenyewe. Jina lake nimeliacha kwa sababu hapendi kutangazwa. Kedi yeyote, yaani mbeba mikoba ya fimbo, atakayeulizwa uwanjani atamwelekeza mgeni bila shida.

Nianze na mafunzo. Mwanafunzi mgeni hapokewi kwa maelezo marefu wala hapewi fimbo mpya ya kujaribu. Mkufunzi huomba kwanza fimbo ambayo mtu ameizoea, akaigeuza mkononi na kukikagua kishikio chake, kwa kuwa pale kilipochakaa zaidi ndipo anapoona ni mkono upi unaobana na ni kidole gani kinachofanya kazi isiyo yake. Baada ya hapo hukaa pembeni na kumwacha mtu apige mipira kadhaa bila kusema neno. Ukimya huo huwaudhi baadhi ya watu, hasa wale wanaohesabu dakika walizozilipia, lakini mimi nauona kuwa sehemu muhimu kuliko zote, kwa sababu anapofungua kinywa husema jambo moja tu, na hilo hilo ndilo linalofanyiwa kazi mpaka mwisho wa saa. Nimewahi kufundishwa kwingine na mtu aliyenirekebisha miguu, mabega, kichwa na viwiko ndani ya dakika chache, nikatoka pale nikiwa siwezi kuupiga mpira hata ule nilioujua.

Ubora wake huonekana zaidi unapovuma upepo. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kusi huwa kali, na mchezaji aliyejifunza bara, Nairobi au Nakuru, hufika hapa akaona mipira yake inapanda juu kama imeitwa, kisha inadondoka mbali kabisa na shimo. Silika ya kila mtu ni kupiga kwa nguvu zaidi, na mkufunzi hutumia muda mwingi kuiondoa silika hiyo, akieleza kwamba pigo la nguvu huuzungusha mpira kwa kasi kuelekea nyuma, na mzunguko huo ndio unaounyanyua na kuukabidhi kwa upepo. Alinipa fimbo namba sita, inayourusha mpira chini zaidi na mbali zaidi, mahali ambapo siku ya shwari ningechukua namba nane, akausogeza mpira karibu na mguu wa kulia, akaniambia: "Mwalimu, usishindane na kusi. Punguza mkono, fimbo itafanya kazi yake." Mpira ulikwenda chini chini, ukatua mbele ya grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, na kubingirika. Maarifa ya namna hii hayapatikani kwa mkufunzi anayeletwa na hoteli kwa msimu mmoja, kwa sababu yanahitaji mtu aliyeuona upepo wa mahali pamoja katika miezi yake yote.

Karakana ni chumba kimoja chenye meza, jiliwa na dirisha linalotazama kichochoro. Chumvi ya bahari haina huruma na vyuma. Fimbo iliyoachwa ndani ya mkoba bila kufutwa hushika kutu kwenye kichwa, na vishikio hukauka na kuteleza kwa jasho. Kazi yake ya kubadilisha kishikio inafaa kutazamwa. Hukikata cha zamani kwa kisu chenye ncha iliyopinda ili asijeruhi mwili wa fimbo, kisha huondoa gundi yote iliyobaki, hata ile ambayo fundi mwenye haraka angeiacha kwa kuwa haitaonekana. Huzungusha utepe wenye gundi pande mbili, hulowesha kwa spiriti, na kukisukuma kishikio kipya kwa mwendo mmoja kabla gundi haijashika. Kisha huisimamisha fimbo sakafuni kama mchezaji aliye tayari kupiga, na kuhakikisha kwamba mstari wa kishikio umelingana na uso wa chuma. Hairudishi siku hiyo hiyo. Anayetaka fimbo yake jioni ataambiwa kwa heshima arudi kesho, na katika hili naona ana haki kabisa.

Nimesoma kwa muda historia ya wakufunzi wakuu wa vilabu vya Kanada, na kila nikisoma naona kwamba tunachokiona Muyeye ndicho kilichokuwa kiini cha kazi hiyo tangu mwanzo. Klabu ya Royal Montreal, iliyoanzishwa mwaka 1873 na iliyo kongwe kuliko zote Amerika Kaskazini, ilimwajiri Willie Davis kutoka Uingereza mwaka 1881, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mkufunzi wa kwanza wa kulipwa katika bara lile. Mkufunzi mkuu wa zama hizo alifundisha, alitengeneza na kukarabati fimbo, aliuza mipira, aliwasimamia makedi, na mara nyingi ndiye aliyeombwa kupima ardhi na kupanga mashimo mapya. Kipato chake kilikuwa ujira mdogo wa klabu pamoja na kile alichokipata kwa mafunzo na duka lake, na theluji ilipofunika uwanja kwa miezi kadhaa, aliishi kwa kazi ya karakana au alikwenda kusini, Marekani, kutafuta ajira ya majira ya baridi. Davis mwenyewe alivuka mpaka, akapanga mashimo ya mwanzo ya klabu ya Shinnecock Hills, jimbo la New York, mwaka 1891, kisha akawa mkufunzi wa klabu ya Newport, Rhode Island. Mashindano ya kwanza ya wazi ya Marekani (U.S. Open) yalipochezwa hapo Newport mwaka 1895, Davis alimaliza wa tano, na bingwa akawa msaidizi wake mwenyewe, kijana Horace Rawlins.

Hata hivyo anayenigusa zaidi ni George Cumming, Mskoti aliyefika Toronto Golf Club mwaka 1900 na kukaa hapo kama mkufunzi mkuu kwa nusu karne. Alikuwa mchezaji hodari na alishinda mashindano ya wazi ya Kanada mwaka 1905, lakini urithi wake hasa ni vijana waliopita mikononi mwake. Charlie Murray, aliyeanza kama kedi, alitwaa ubingwa huo mwaka 1906 na 1911. Mdogo wake Albert aliutwaa mwaka 1908 na 1913. Karl Keffer, aliyekuwa msaidizi wa Cumming, akaunyakua mwaka 1909 na 1914. Ukijumlisha na ushindi wa mwalimu wao, mashindano saba kati ya kumi yaliyochezwa kuanzia 1905 hadi 1914 yalikwenda kwa karakana moja. Na vijana hao nao wakawa wakufunzi wakuu: Charlie aliishika Royal Montreal kuanzia mwaka 1905 kwa zaidi ya miaka thelathini, na Keffer aliishika klabu ya Royal Ottawa kuanzia 1911 hadi miaka ya arobaini. Keffer alikuwa mzaliwa wa Kanada, na baada ya ushindi wake wa 1914 hakupatikana mzaliwa mwingine wa nchi hiyo aliyeshinda mpaka Nick Taylor mwaka 2023. Pat Fletcher, aliyeshinda mwaka 1954 akiwa mkufunzi wa klabu huko Saskatoon na ambaye baadaye alihamia Royal Montreal, alizaliwa Uingereza.

Sisemi haya ili kumlinganisha mtu wetu na mabingwa. Nayasema kwa sababu yananipa kipimo cha kuihukumu huduma hii, na kipimo hicho ni vijana anaowalea. Katika karakana ya Muyeye nimewakuta vijana wawili waliomaliza shule, ambao zamani walibeba mikoba tu, na sasa mmoja anaondoa vishikio na kusafisha vyuma, na mwingine anawafundisha watoto siku za Jumamosi huku mkufunzi akimtazama kwa mbali. Ni mtindo ule ule wa mafundi wa majahazi wa Lamu, ambako mwanafunzi hukabidhiwa msumari kabla ya kukabidhiwa tezo. Yule wa karakana nilimpa fimbo yangu ya kuchezea grini ambayo kichwa chake kilikuwa kimelegea, akaitazama kwa makini, akasema, "Shikamoo Mwalimu, hii nitamsubiri fundi, sijaruhusiwa kugusa kiungo." Jibu hilo lilinipa imani kuliko tangazo lolote.

Sasa kasoro. Ya kwanza, na iliyo kubwa, ni kwamba mkufunzi hana ajira ya kudumu, hivyo ratiba yake hufuata wageni. Msimu wa kaskazi, watalii wanapojaa, mkaazi wa Malindi anaweza kuahidiwa asubuhi na kupewa jioni, na jioni hiyo ikaahirishwa tena. Msimu wa masika hoteli nyingi zinapofunga, nafasi ni tele lakini yeye hulazimika kutafuta vibarua vingine, na somo lililoanza vizuri hukatika. Ya pili ni kwamba haandiki kumbukumbu za wanafunzi. Anakumbuka kila mtu kwa mkono wake, nami nimeshuhudia akimkumbusha bibi mmoja kosa la mwaka uliopita, lakini vijana wake hawana kumbukumbu hiyo na siku asipokuwepo wanaanza upya. Ya tatu ni vipuri: kishikio cha ukubwa wa mikono ya wanawake au ya watoto huagizwa Mombasa, na huchelewa.

Bei nazo ni za haki. Saa moja ya mafunzo hugharimu chini ya chakula cha mchana cha watu wawili katika hoteli ya ufuoni, na ukarabati hulipwa kwa fimbo, kazi ikiisha, si kabla. Hupunguzia wanafunzi wa shule bila kuombwa. Ijumaa hafundishi mpaka baada ya swala, na mwezi wa Ramadhani huhamishia masomo baada ya alasiri, jambo linalowafaa wengi wetu.

Kwa hiyo nampendekeza kwa wanaoanza, watu wazima waliozoea makosa yao, na wazazi wenye watoto. Simpendekezi kwa anayetaka vipimo vya kompyuta vya kasi ya mpira, kwa sababu hana mitambo hiyo. Na kwa wenzangu tunaocheza hapa kila wiki, nina ombi: tukubaliane kumlipa kwa mwaka, wachezaji ishirini au thelathini tukichangia kiasi kidogo kila mwezi, ili apate ujira wa msingi wakati wa masika, awalipe vijana wake wawili, na aweke daftari la wanafunzi na akiba ya vipuri. Cumming hakuwalea kina Murray kwa msimu mmoja. Alipewa mahali na akapewa muda. Anayetaka kuchangia amwone mkufunzi mwenyewe karakanani siku yoyote kabla ya saa mbili asubuhi, maana baada ya hapo huwa yuko uwanjani, na anayepeleka fimbo za kukarabatiwa azifute mchanga kwanza na kumweleza ni mara ngapi anacheza kwa wiki, kwa kuwa hilo ndilo swali lake la kwanza kabla ya kuchagua kishikio.