Dom Pérignon 2008: hiyo glasi nyembamba weka pembeni kwanza!!

Haya wakuu karibuni tena, leo hakuna intro ndefu maana chupa imeshatoka kwenye friji na kila nikiongea inazidi kupata joto. Dom Pérignon 2008, shampeni ya Ufaransa ya zabibu za mwaka 2008. Habari za yule mtawa aliyeipa jina na lebo ya ngao mnazijua, naruka.

Kufungua fasta fasta: kidole gumba juu ya kizibo muda wote, waya unaulegeza, halafu unazungusha chupa, sio kizibo. Humo ndani presha ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari lako, ukimlenga mtu usoni hiyo ni kesi. Sikia... psss. Basi! Ukisikia paa ujue mapovu uliyoyalipia yameenda darini.

Sasa hapa mtulie. Nina glasi mbili, hii nyembamba ndefu ya kila harusi, na hii ya waini nyeupe, pana katikati inabana juu. Namimina shampeni ileile kwenye zote. Ngoja nisogeze kamera... ona, hii nyembamba inapendeza jamani, mapovu yanapanda mstari mmoja, picha ya Insta safi kabisa. Haya ingiza pua. Haiingii! Napata limau kidogo na gesi inachoma pua, kwishnei. Njoo huku kwenye pana... eeh. Subiri. Mkate uliochomwa, pichi, halafu kamoshi fulani hivi kwa mbali, na hako kamoshi ndo Dom yenyewe. Chupa moja hiyo! Watu wameulaza huu mvinyo juu ya mashapo ya hamira miaka 8 na ushee, wakati sheria ya shampeni ya mwaka mmoja (yaani zabibu zote ni za mavuno ya mwaka mmoja) inadai ikae handakini miaka 3 tu, yote ili upate hii harufu, wewe unaenda kuuminya kwenye glasi ya kupigia picha. Inaniudhi kwakweli.

Na barafu punguzeni. Ukiizamisha kwenye ndoo lisaa lizima ulimi unakufa ganzi husikii kitu, nyuzi 10 hivi, hata 12 fresh tu.

Mdomoni sasa... uchachu umenyooka, halafu unabaki na chumvichumvi kwa mbali. 2008 kule Champagne kiangazi kilikuwa cha baridi na mawingu, zabibu zikabaki na uchachu wake, Septemba ndo hali ya hewa ikaja kuokoa jahazi. Ndo maana Dom ya 2009 ilitoka kwanza, hii ikaachwa handakini, baadaye ndo ikaingia sokoni.

Najua timu Cristal, ile shampeni nyingine ya bei mbaya, mnaandika huko chini. Cristal 2008 ni kali, sibishi, pale Louis Roederer walianza kuitengeneza 1876 kwa ajili ya mfalme wa Urusi, ila mfukoni inauma zaidi. Prosecco, ile waini ya mapovu ya Italia, msiniletee, mapovu yake mengi yanatengenezwa kwenye tangi, ni tamu ila ligi nyingine. Na mnaoulizia waini ya Dodoma video inakuja, wale wanavuna mara mbili kwa mwaka, ni stori tofauti kabisa na hii ya kusubiri mwaka mzuri.

Bei: dukani inazidi dola 200, klabuni wanakuletea na fataki na fataki unazilipia wewe. Mimi kwa hela hiyo... kama unataka tu kujua shampeni ya mwaka mmoja inakuwaje, Moët & Chandon haohao wanaotengeneza Dom wana Grand Vintage, bei chini mno, anza na hiyo. Eti nimekuja kusifia hii nawauzia nyingine!

Ngoja nionje tena, imeshapata joto kidogo. ...Aah hapana. Hapana wakuu, ile ya Grand Vintage nafuta. Changeni watu 6, chupa inatoa glasi 6, na atakayekuja na ile nyembamba achangie mara mbili.