Pua kubwa ya boneti, hewa haifiki: uzoefu wangu gereji

Nianze na rangi, maana haki ya mtu isemwe. Rangi walipiga vizuri. Simamisha gari juani, zunguka boneti yote, huoni mahali ambapo pua mpya, yaani ule mdomo wa kuingizia hewa juu ya boneti, imeungwa. Sifa zimeishia hapo.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya 2004. Nimelinunua kwa jasho langu na naliendesha mwenyewe, Mbezi mpaka mjini na kurudi. Nilitaka nitolewe ile pua fupi ya boneti, niwekewe ile iliyoinuka ya STI, toleo la Impreza lenye nguvu zaidi. Sikwenda kutafuta urembo. Intakula ya gari hili, yaani kile kipoza hewa, imelala juu ya injini, chini kabisa ya pua, na joto la Dar linaitesa. Nilimweleza fundi mkuu taratibu kwamba hewa ya pua siyo ile inayoingia kwenye silinda. Ile inavutwa kupitia boksi la filta pembeni, inakwenda kwenye tabo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, inabanwa, inapata moto. Kazi ya pua ni kuipuliza intakula ili hewa hiyo ya moto ipoe kabla haijaingia kwenye injini. Akaitikia "ndiyo dada, ndiyo dada". Nikajua tumeelewana.

Baada ya kama wiki mbili nikalichukua, kipindi kile cha joto kabla mvua hazijaanza. Safari ya kwanza ndefu ilikuwa ya Morogoro. Nikiwa sijafika Chalinze nikakanyaga mafuta nilipite lori, gari likawa zito kama limebeba saruji, na injini ikatoa sauti ya kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Moyo ulinipasuka. Anayejua injini za tabo anajua hiyo sauti ni ya hatari: hewa ina moto kupita kiasi, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na kompyuta ya gari inapunguza nguvu ili kuinusuru injini.

Nikaegesha, nikafungua boneti. Zamani nikitoka mwendo wa barabara kuu naweka kiganja juu ya intakula na kukiacha. Siku hiyo sikumaliza kuhesabu mbili. Ndipo nikatazama upande wa ndani wa boneti. Ule mfereji wa plastiki unaopokea hewa kwenye pua na kuishusha moja kwa moja kwenye intakula haupo. Matundu ya skrubu zake yamejazwa puti, yakapigwa msasa, yakapakwa rangi ya bluu safi kabisa. Sponji inayozunguka intakula nayo imebanduliwa, vimebaki vipande vimeng'ang'ania gundi. Hewa hufuata penye wepesi kama maji. Ukishaondoa mfereji na sponji, inaingia puani, inasambaa juu ya injini na kutokomea zake. Intakula inaambulia joto tu.

Nilirudi gereji siku hiyo hiyo ninatetemeka. Fundi mkuu akaniambia, "Ule mfereji ulikuwa unaziba hewa, nimekufungulia." Nikaanza kumwelewesha. Akanikata: "Dada, mlete shemeji tuongee naye, haya mambo mazito." Wenzake wakacheka. Nikamwambia hakuna shemeji hapa, kadi ya gari ina jina langu na hela uliyopokea imetoka mkononi mwangu. Akachukua spana akaenda kwenye gari la mtu mwingine. Na juu ya meza yake kabandika picha ya Subaru ya Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally 1997! Magari ya Safari enzi zile yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu pembeni ya kioo, ili injini isimeze maji mtoni. Mtu anaishi na picha ya namna hiyo ukutani halafu hajui injini inapumulia wapi.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa pale, msaidizi. Hakusema kitu. Akaenda nyuma kwenye lundo la mabampa mabovu, akarudi na mfereji wangu umejaa vumbi. Kwa kuwa pua mpya iko juu zaidi, akauongezea kimo kwa kipande cha plastiki, akatoboa upya matundu, akazungushia intakula sponji nene mpaka boneti ikifungwa inaikandamiza kila upande. Tukaenda kulijaribu barabarani. Tuliposimama akaweka kiganja chake, nikaweka changu. Imepoa.

Nilikuwa nimeapa kuandika "msiende" na kuishia hapo. Lakini niseme kweli, pua ile sasa inafanya kazi, gari likishika mwendo linavuta kuliko lilivyowahi kuvuta. Kwenye foleni ya Ubungo hakuna nafuu, gari lililosimama halina upepo, na hilo siwalaumu wao. Kwa hiyo ukienda, muulizie yule kijana, na usimame hapo hapo kwenye gari mpaka boneti ifungwe.

Hapana, nafuta. Juzi nimepita kuchukua klipu zangu zilizobaki. Fundi mkuu hakuomba radhi, hakuuliza gari linaendaje. Ameniuliza, "Shemeji hajambo?" Msiende.