Mipira ya kalipa kwenye Hilux LN106: sili nzuri, ringi dhaifu

Seti ya mipira ya kalipa (kifaa cha breki kinachobana diski ya tairi) niliyofunga siyo ya Toyota. Ni ile ya bei nafuu inayouzwa kwenye kimfuko cha nailoni: sili nane (mipira inayozuia mafuta ya breki yasivuje), kava nane za vumbi na ringi nane za kuzishikilia. Kalipa moja ya mbele ya LN106 (Hilux ya dizeli ya 4WD) ina pistoni nne (vyuma vinavyosukuma pedi za breki), kwa hiyo kimfuko kimoja kinatosha pande zote mbili. Kabla ya kulipa, soma namba iliyo kwenye mwili wa kalipa (S12+8, S12W na kadhalika), maana mipira yake haiingiliani.

Rimu moja kuwa ya moto kuliko mwenzake na gari kuvuta upande huo bado si ushahidi kwamba kalipa ndiyo mbovu. Piga jeki, weka stendi, fungua loki za 4WD zilizo katikati ya rimu ili uzito wa ekseli usikudanganye, kanyaga breki mara tatu, achia, kisha zungusha tairi kwa mkono. Likiwa zito, legeza nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na tairi likalegea, kuna presha iliyonaswa, na kalipa haina kosa. Funga, kanyaga tena, safari hii legeza nati ya paipu ya chuma inayotoka kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), pale inapokutana na hosi. Tairi lisipolegea hapo, hosi imeziba kwa ndani, hata kama kwa nje inang'aa. Likilegea, shida iko juu: masta silinda, au fimbo ya busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki) iliyorekebishwa bila kuachiwa nafasi. Hiyo kwa kawaida hukamata matairi yote mawili.

Tairi likibaki zito nipo ikiwa wazi, sasa kanunue mipira.

Kalipa hizi hazina pini za kuteleza, hivyo lawama zote ni za pistoni. Sili yake ni bapa, si ya duara kama oringi: ukikanyaga inajipinda pamoja na pistoni, ukiachia inajinyoosha na kuirudisha nyuma kidogo. Kutu ikijaa kwenye mfereji nyuma ya sili, inaisukuma iibane pistoni, na ule mrejeo unakufa. Ndiyo maana kubadilisha sili peke yake hakusaidii. Chokoa mfereji kwa kipande cha shaba au mti mgumu mpaka ule ukoko wa kahawia uishe na kucha ipite bila kukwama. Kazi kubwa iko hapa, na ndipo mafundi wengi wanaporuka.

Kutoa pistoni, tumia upepo mdogo wa kompresa na kipande cha ubao katikati, vidole viwe mbali. Moja ikichomoka mapema, upepo wote unapotelea hapo, kwa hiyo ibane kwa klempu mpaka wenzake wasogee. Usitenganishe kalipa vipande viwili: kuna sili ndogo katikati ambayo seti hii haina. Pistoni yenye mashimo ya kutu, tupa. Ukiipiga msasa unaondoa kromu, na kutu itarudi kwa kasi.

Safisha na upake mafuta ya breki tu. Petroli, dizeli au grisi ya bearing huvimbisha mipira, na breki zitakamata upya wakati gereji imeshalipwa.

Sili zimekaa vizuri na hazijavuja. Kava ni ngumu kiasi, zinahitaji subira. Ringi ndizo zilizoniudhi: mbili zimelegea na kuruka, nikarudishia za zamani. Usizitupe za kwako. Nyota tatu na nusu.

Kutoa upepo mbele peke yake, nusu lita ya mafuta ya breki ya DOT 3 inatosha. Kama mafuta ya zamani yamekuwa meusi, nunua lita nzima ubadilishe mfumo wote. Endesha dakika ishirini bila kukanyaga breki sana, kisha sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili. Joto liwe sawa.