Amplifaya ya bei nafuu kutoka Kariakoo: sauti naipenda, duka sirudi

Nianze na alama, maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnaondoka. Kwa sauti naipa nne kati ya tano. Kwa huduma ya dukani siipi hata nusu. Na hiyo nne nimeiandika nikiwa nimetulia, sijui kama itafika salama mwisho wa maelezo haya.

Mimi nakodisha muziki hapa Dar. Shughuli zangu nyingi ni za akina mama: kicheni pati, sendofu, arobaini za watoto, vikoba vinapovunjwa mwisho wa mwaka. Sitafuti mashine ya kutikisa uwanja wa mpira. Nataka amplifaya itakayopiga taarabu bila kuikwaruza sauti ya mwimbaji, na singeli ikiingia usiku, besi isilegee. Spika ninazo: mbili za inchi 15 za juu, mbili za inchi 18 za chini, zote omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, ikishuka amplifaya inabeba mzigo zaidi). Nikiziunga mbili mbili kila chaneli inaona omu 4, basi, sishuki zaidi ya hapo. Wanaoning'iniza spika nne kwenye chaneli moja wakafika omu 2 halafu wanalalamika mashine inachemka, hilo ni lao.

Bajeti yangu ilikuwa chini ya laki saba. Kwa fedha hiyo jina kubwa jipya hulipati, unaingia kwenye za Kichina ambazo kila kontena linakuja na jina lake. Sizidharau. Nimepiga na za namna hiyo miaka mingi na zimenilisha.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri mno. "Karibu dada yangu, hii hapa wati 3,600, inapasua." Nikamwomba aigeuze nione mgongo. Mimi wati za kwenye boksi sizisomi, nasoma fyuzi. Fyuzi iliandikwa ampea 8. Umeme wetu ni volti 230. Nane mara 230 ni 1,840, na hizo ni wati zinazoingia, bado hazijatoka. Mashine za klasi AB, zile za transfoma nzito ya chuma, theluthi moja ya umeme au zaidi inaishia kuwa joto. Kwa hiyo kinachobaki kwenda kwenye spika ni kama 1,200 kwa chaneli zote mbili. Pigo moja la ngoma linaweza kuruka juu ya hapo kwa sababu kapasita zina akiba, lakini kukaa kwenye 3,600 haiwezekani, fyuzi ingekuwa imekatika zamani.

Nikamwambia, "Kaka, hiyo 3,600 tuiache. Mimi nahesabu wati 500 au 600 kwa chaneli, na zinanitosha." Akacheka, akasema, "Dada, wewe fundi kabisa." Tukaelewana. Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu ndiyo yanayonichoma mpaka leo. Alijua kwamba najua ninachonunua.

Na kweli zinatosha. Ukiongeza wati maradufu, yaani kutoka 500 hadi 1,000, sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti kidogo. Spika yenye desibeli 97 kwa wati moja inaishinda ya 94 kwa kiwango hicho hicho, na hujanunua amplifaya nyingine. Watu wanamwaga fedha kwenye wati za kwenye stika wakati spika zao ni viziwi.

Akaniuliza, na risiti au bila risiti? Bila risiti laki sita, na risiti laki sita na nusu. Nikachukua ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na chini yake nikamwambia aandike kwa mkono wake: waranti mwaka mmoja. Akaandika, akapiga muhuri.

Sasa sauti. Jamani, sauti! Wiki za mwanzo nilikuwa naiwasha hata sina kazi. Unaiwasha, unasubiri kidogo, unasikia rilei, ile swichi ya kulinda spika, inagonga ndani, "ta", halafu kimya kabisa, hakuna kuvuma, hakuna mluzi. Violini ya taarabu unaisikia upinde unavyokokota. Besi ilikuwa imekaza. Feni inazunguka polepole na inaongeza kasi mashine ikipata joto, siyo zile zinazopiga kelele kama jenereta tangu dakika ya kwanza. Majirani walidhani nimenunua spika mpya.

Ikaja kicheni pati moja Mbagala. Umeme ulikuwa wa TANESCO, unapita kwenye stabilaiza yangu, na kipimo kilikuwa mbele ya macho yangu kinasoma 225, 228, hapo hapo. Taa nyekundu ya klipu haikuwa inawaka, nailinda sana hiyo, maana mashine ikianza kukata mawimbi ndipo tuita, spika ndogo za sauti nyembamba, zinapoungua. Mwali anaingia na somo wake, akina mama wa sare wamesimama, ndiyo kwanza napandisha wimbo. Chaneli ya besi ikatoa mlio mmoja mzito, ikanyamaza. Nikaiangalia spika ya chini ya kushoto. Karatasi yake ilikuwa imesukumwa nje na imebaki huko huko, haitikisiki, haishuki. Anayejua muziki anajua maana yake: amplifaya inamwaga umeme wa moja kwa moja, wa betri, kwenye spika. Nikaruka kwenda kuchomoa waya lakini harufu ilikuwa tayari imefika. Koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imeungua.

Shughuli nikaimalizia kwa spika za juu peke yake. Akina mama wakacheza, Mungu awabariki, lakini mwenye shughuli alinikata fedha na sikuwa na neno.

Mashine kuharibika si ajabu. Hata za bei mbaya zinaharibika. Nilichukua bajaji na mashine yangu, risiti yangu, nikaenda dukani kwa amani kabisa. Yule yule kijana. Hakunisalimia. Nikamweleza: chaneli B inatoa umeme wa moja kwa moja, rilei ya ulinzi haikukata, spika imeungua, naomba mnitengenezee au mnibadilishie, waranti hii hapa.

Aliitazama ile karatasi aliyoiandika mwenyewe, akasema: "Waranti ni ya mashine ikizimika, siyo ikiungua."

Nikamuuliza, kaka, mashine huwa inazimika kwa sababu gani kama si kuungua kitu ndani? Akageukia mteja mwingine, akaanza kumuonyesha redio. Nimesimama hapo nimeegemea mzigo wa kilo karibu ishirini. Nikarudia. Akaanza: mlitumia jenereta, sijui umeme wa huko kwenu mdogo, sijui nani aliunga waya. Nikamwambia waya niliunga mimi, omu 4 kila upande, na nyuma ya mashine yenyewe imeandikwa omu 4 ruksa. Ndipo akatoa lile neno, kwa sauti, duka zima linasikia:

"Dada, haya mambo ya ufundi. Nenda kamwite shemeji, aje tuongee naye."

Shemeji! Fedha nimetoa mimi. Fyuzi nimeisoma mimi mbele yake, akaniita fundi kabisa. Siku ya kupokea laki sita na nusu hakumwita shemeji aje ahesabu. Na wateja wawili watatu wakacheka. Nilimjibu, na nilichomjibu sikiandiki hapa kwa sababu wanangu wanasoma, lakini alinyoosha kidole kwenye maandishi ya chini ya risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", kama vile hayo ndiyo yanafuta mwandiko wake mwenyewe.

Aliyeninusuru ni kijana wa kubeba mizigo. Alinisaidia mpaka barabarani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, usiiache hapa. Wakiipokea watakurudishia iliyokwisha funguliwa. Peleka kwa fundi wako." Huyo nilimpa ya soda na bado namwombea heri.

Fundi wangu yuko Buguruni. Aliifungua mbele yangu, na hapa naomba msome taratibu kama mnafikiria kununua mashine za bei hii. Bodi ya kila chaneli ina nafasi za transista za mwisho, zile zinazosukuma umeme kwenda kwenye spika, jozi sita. Zilizofungwa ni jozi tatu, nafasi nyingine ziko wazi, matundu matupu. Maana yake kazi ya sita inafanywa na tatu. Halafu zile tatu zenyewe zimeandikwa 2SC5200 na 2SA1943, namba ambazo kila fundi wa amplifaya anazijua, ni za Toshiba, na ndizo zinazoigwa kuliko zote. Fundi akachovya kitambaa kwenye thina, akasugua mara moja, maandishi yakaondoka na kitambaa. Akachukua moja iliyokufa, akaivunja kwa koleo, akaweka pembeni kipande cha ya kweli iliyokufa kwenye mashine nyingine. Ndani ya ile ya bandia, kichipu chenyewe kilikuwa kidogo sana, hakifiki nusu ya mwenzake. Hicho ndicho kinatakiwa kubeba besi ya inchi 18.

Na rilei? Aliifungua mfuniko, akanionyesha: visahani viwili vya mguso vimegandana. Umeme wa moja kwa moja ukikatwa unatoa cheche isiyozimika haraka, tofauti na ule wa kwenda na kurudi. Rilei ndogo, cheche kubwa, visahani vikayeyuka vikashikana badala ya kuachana. Ulinzi ulijaribu, ukashindwa kwa sababu wameweka rilei ya bei ya chini kabisa.

Akabadilisha chaneli zote mbili, akaweka transista za kweli, jozi tano kila upande, na rilei kubwa. Laki na themanini na kitu pamoja na ufundi.

Na sasa niseme ukweli unaoniudhi: inapiga vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Imeshakesha kwenye shughuli kadhaa tangu hapo na ubavu wake unabaki wa uvuguvugu tu. Transfoma ni nzuri, kubwa, ya duara, fundi mwenyewe aliisifu. Kapasita ni nzuri. Aliyeichora mashine hii alikuwa mtu anayejua kazi. Aliyeijaza vifaa ndiye mwizi. Kwa hiyo mtu akiniuliza ninunue au nisinunue, nilikuwa namwambia nunua, ila tenga fedha ya fundi pembeni na uipitishe kwake kabla ya shughuli ya kwanza.

Lakini naandika huku napiga hesabu. Laki sita na nusu, laki na themanini, koili ya inchi 18, fedha niliyokatwa Mbagala. Hiyo ni zaidi ya milioni. Kwa milioni ningetafuta QSC RMX iliyotumika, amplifaya ya jina kubwa, niliwahi kuazima moja nikapiga nayo harusi mbili na sikuifikiria hata mara moja, na hivyo ndivyo amplifaya inavyotakiwa kuwa, uisahau. Kwa nini nimwambie mwenzangu anunue kitu kipya akipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo? Hapana. Msinunue. Au kama mmeshaipenda, basi muuzaji aifungue mfuniko mbele yenu, skrubu ni chache tu juu, mhesabu transista kwa macho. Akikataa kufungua, ondokeni. Na mbebe spika zenu, msikubali kujaribiwa kwa kile kispika cha inchi 8 wanachoweka mlangoni, hicho hata redio ya gari inakitosha.

Dukani nimetuma ujumbe, wameusoma, kimya. Ninachodai si kikubwa: gharama ya fundi na koili ya spika. Risiti ya EFD ninayo, yenye mwandiko na muhuri wao. Transista zilizofutika maandishi ziko kwenye kopo, rilei iliyogandana iko kwenye kopo hilo hilo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Mwisho wa mwezi ukifika sijajibiwa, napeleka kopo huko, mimi mwenyewe, bila shemeji.