Uzoefu wangu: poda ya MAC na blasha ya NARS kwenye ngozi nyeusi ya mafuta

Poda ya uso ninayoitumia kila siku ni Studio Fix Powder Plus Foundation ya MAC, rangi ya NC50, na blasha yangu, yaani rangi ya mashavu, ni Exhibit A ya NARS, nyekundu kali isiyo na mng'aro, ambayo ukifungua kasha lake kwa mara ya kwanza unaweza kudhani umeuziwa rangi ya kuchorea. Nimezitumia zote mbili katika joto la Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuzisema kwa mema yake na kwa mipaka yake, na ninaandika hasa kwa ajili ya wenzangu wenye ngozi nyeusi yenye mafuta, kwa kuwa maelezo mengi ya vipodozi huandikwa kwa kumfikiria mtu mweupe anayeishi kwenye baridi.

Fedha nyingi hupotea kwenye uchaguzi wa rangi ya poda. Ukiingia kwenye duka la vipodozi Kariakoo, muuzaji atakupaka poda nyuma ya kiganja na kukwambia, "Dada, hii imekukubali kabisa," ilhali mkono na uso wa mtu mmoja mara nyingi havifanani rangi. Mahali pa kujaribia ni pembeni mwa taya, pale uso unapokutana na shingo, na ukishapakwa toka nje ujitazame kwa mwanga wa mchana, maana zile taa nyeupe za madukani huifanya karibu kila poda ionekane imetulia. Poda iliyokufaa hutaona ilipoishia. Hata hivyo usilipe papo hapo. Endelea na mizunguko yako mjini kwa saa moja hivi ndipo ujitazame tena, kwa sababu poda ikishanyonya mafuta ya ngozi hukolea. Mafuta huziba nafasi za hewa zilizopo kati ya chembe zake, mwanga hautawanyiki tena kama ulivyotawanyika poda ilipokuwa kavu, na ile iliyoonekana sawa saa nne asubuhi huwa nzito kidogo ifikapo adhuhuri.

Kwa upande wa MAC kuna jambo linalowachanganya wengi, nalo ni herufi. NC ni kwa ngozi zenye umanjano au udhahabu kwa ndani, na NW ni kwa zile zenye wekundu au uwaridi, kwa hiyo watu wawili wanaoonekana weusi sawasawa wanaweza kuhitaji makasha tofauti. Mimi weusi wangu una umanjano. Nikipakwa ya NW uso unakuwa na wekundu ambao shingo haina.

Kuhusu kupauka, ambako ndiko kilio chetu kikubwa, chanzo chake ni weupe uliomo ndani ya poda yenyewe. Rangi ya kahawia ya poda hutokana na oksidi za chuma za aina tatu, nyekundu, njano na nyeusi, ambazo kwenye boksi huandikwa CI 77491, CI 77492 na CI 77499, na pamoja nazo huwekwa titani dioksaidi, ambayo ni nyeupe na huandikwa CI 77891. Ulanga (talc), ambao ndio mwili wa poda nyingi, nao ni mweupe. Weupe huo ukizidi, ngozi nyeusi hugeuka ya kijivu, na hakuna namna ya kupaka itakayouondoa. Usijisumbue kupima wingi wa rangi kwa kuangalia ipi imetangulia kwenye orodha, kwa sababu mara nyingi boksi huorodhesha kwa pamoja rangi za familia nzima ya bidhaa; jibu utalipata kwenye taya tu.

Balaa kubwa zaidi ni poda za unga zinazoitwa hazina rangi. Kwenye sendofu ya binamu yangu mpambaji alitumia mojawapo, ambayo jina lake nitalihifadhi, na ukumbini kila mtu alipendeza. Picha za flashi zilipotoka, bibi harusi mtarajiwa alikuwa mweupe chini ya macho na katikati ya paji la uso kama aliyetoka kwenye mashine ya kusaga. Silika (silica), unga mweupe unaowekwa kwenye poda hizo, na titani dioksaidi hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye kamera, hata pale ambapo jicho halioni kitu. Kwa shughuli zenye picha mimi huchukua Buttercup ya Sacha, kampuni ya Trinidad na Tobago, ambayo ina umanjano wa kutosha na kwangu haijawahi kutoa weupe huo, mradi ipakwe kidogo chini ya macho na kukung'utwa kwa brashi.

Namna ya kupaka inabadilisha bidhaa yenyewe. Ile Studio Fix huja na sponji yake, na ukiitumia hiyo sponji unapata uso uliofunikwa kabisa, jambo zuri kwa jioni yenye kiyoyozi, lakini kwenye daladala ya saa saba mchana jasho litachimba mifereji. Kwa siku za kawaida natumia brashi nene na laini, nakandamiza poda puani, kwenye paji la uso na kidevuni pekee, na mashavu nayaacha karibu wazi. Uso ukianza kung'aa, kwanza natuliza mafuta kwa tishu. Kurundika poda juu ya mafuta ndiko kunakoleta mabaka. Kwa sisi tunaotawadha mchana kazini, utaratibu huu una faida nyingine, kwamba baada ya Adhuhuri kurudishia poda kwenye sehemu tatu ni kazi ya dakika chache.

Sasa blasha. Waridi zile hafifu zinazopendeza machoni kwenye kasha huwa zimefanywa hafifu kwa kuongezewa weupe, na weupe huo ukifika shavuni mwa mtu mweusi unakuwa vumbi. Exhibit A haina upole huo, na ndiyo sababu inafaa: ikishakutana na kahawia ya ngozi, wekundu wake hutulia na kuonekana kama damu iliyopanda yenyewe. Nachovya ncha tu ya brashi, nakung'uta kwenye ukingo wa kasha, kisha naanzia juu ya mfupa wa shavu, upana wa vidole viwili kutoka puani, nikipandisha kuelekea panda la uso. Ule ushauri wa kutabasamu na kupaka pale panapovimba siufuati, kwani ukiacha kutabasamu rangi inashuka pamoja na shavu. Blasha ya unga huja baada ya poda. Ya krimu hutangulia poda, na ukigeuza mpangilio huo itashikana vipande vipande.

Bei za bidhaa hizi haziko chini, na kwa hiyo bandia zimejaa. Linganisha namba ya toleo iliyopo kwenye boksi na ile iliyopo chini ya kasha. Zikitofautiana, au moja ikikosekana, rudisha.

Mwenye ngozi kavu nisingemshauri Studio Fix, maana humshika na kuonyesha kila ganda la ngozi, hasa kandokando ya pua. Lakini Exhibit A humfaa hata dada yangu ambaye ni maji ya kunde, ila yeye hugusa mara moja tu kwa brashi yenye nywele chache, na kinachozidi hukifuta kwa ile brashi ya poda.