Rivyu: Codex Sinaiticus mtandaoni, ni bure na ni moto, ila ingia na laptopu

Kwa mnaosoma theolojia, mnaofundisha darasa la Biblia, au mliochoka tu na zile meseji za kwenye magrupu ya WhatsApp zinazoanza na "wataalamu wamegundua kwamba Biblia...", kuna tovuti inaitwa codexsinaiticus.org na leo naiandikia rivyu. Sababu ni kwamba hiyo Codex inatajwa sana kwenye mihadhara ya dini, kila upande unampiga nayo mwenzake, halafu wengi wanaoitaja hawajawahi kuangalia hata ukurasa wake mmoja, wakati ipo pale wazi, hulipii wala hujisajili.

Kwa asiyeijua: ni Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi katikati ya karne ya 4, na ndiyo nakala kongwe kuliko zote yenye Agano Jipya zima. Agano la Kale limebaki kama nusu hivi. Shida yake ni kwamba imetawanyika. British Library kule London wana karatasi 347, maktaba ya chuo kikuu cha Leipzig 43, monasteri ya Mtakatifu Katarina pale Sinai wana 12 na vipande vilivyopatikana 1975, na St Petersburg kuna vipande vya karatasi 3. Hawa wanne wakakaa chini wakakubaliana, wakapiga picha kila kitu, na Julai 2009 tovuti ikakamilika, kwa hiyo ukitaka kuisoma hii Biblia ikiwa pamoja ni humo, la sivyo ujipange na viza za nchi nne.

Matumizi ni rahisi kuliko nilivyotegemea. Unachagua kitabu, sura na mstari, inakuja picha ya ukurasa, pembeni maandishi yake yamechapwa herufi kwa herufi, na ukibonyeza neno kwenye yale maandishi linawekewa kibox kwenye picha, unaliona lilipo kabisa. Hiki kitu ndicho kinachoibeba tovuti nzima! Maana mwandiko wa zamani hauna nafasi kati ya neno na neno, herufi kubwa zimefuatana tu mwanzo mpaka mwisho, safu nne kwenye kurasa nyingi, mistari 48 kwa safu, hata ukiwa umesoma Kigiriki cha chuo unapotea ndani ya dakika moja. Hapa hupotei.

Nenda Marko 1:1. Mwandishi wa kwanza, yaani aliyenakili, kaandika "mwanzo wa injili ya Yesu Kristo" akaendelea na Isaya, "Mwana wa Mungu" haipo, halafu juu ya mstari utaona vijiherufi vidogo, mtu mwingine kaja kuongeza hayo maneno. Unaviona kwa macho yako. Mimi hili nilikuwa nalisoma kwenye maelezo ya chini ya kurasa za Biblia za wasomi, yale ya vialama na vifupisho, nikawa nalijua kichwani tu. Kuiona ile nyongeza imebanwa pale juu ni habari nyingine aisee.

Halafu Luka 23:34, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo". Mwandishi wa kwanza kaliandika. Msahihishaji akaja akaweka alama kwamba litolewe. Akaja mwingine tena akazifuta zile alama, neno likarudi. Yaani ukurasa mmoja una mabishano ya watu ambao pengine hawakuwahi kuonana, kama daftari la mwanafunzi lililopitiwa na walimu watatu wasioelewana. Na sio hapo tu, kitabu kizima kina masahihisho wastani wa kama 30 kwa kila ukurasa, ya kuanzia karne ya 4 yenyewe mpaka ya 12, na ukifika kwenye neno lililorekebishwa tovuti inakuambia lilikuwaje mwanzo na ni mkono upi ulioligeuza. Mengi ni tahajia tu, herufi imerukwa, mstari umerudiwa, usingizi wa kazi ya kunakili. Machache ndiyo yanakufanya ukae vizuri kwenye kiti.

Ndo maana nasema watu wa mihadhara wa pande zote wangeanzia humu. Anayesema hakuna hata nukta iliyowahi kuguswa, aangalie ukurasa wowote, wowote ule. Na anayesema kanisa lilibadilisha likaficha, aniambie kilichofichwa ni kipi maana masahihisho yameachwa peupe miaka zaidi ya 1,600, ukifuta unaonekana umefuta.

Wale waliolelewa na Biblia ya Union watafurahi kitu kingine. Mathayo 6:13, mwisho wa Baba Yetu, "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu", kwenye Union imewekwa ndani ya mabano na hakuna mchungaji aliyewahi kunieleza mabano yale yanafanya nini pale. Ukifungua Sinaiticus jibu unalo, sala inaishia kwenye yule mwovu, basi. Wakatoliki nao wanaishia hapohapo kwenye sala yenyewe, ile sifa inakuja baadaye kwenye Misa. Mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 8, naye hayumo. Marko anaishia 16:8, wanawake wamekimbia wanaogopa, nafasi iliyobaki kwenye safu imeachwa tupu na Luka anaanza safu nyingine. Tobiti, Yudithi, Hekima na Sira wamo, na mwisho kabisa baada ya Ufunuo kuna Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma. Hii ya mwisho mtu akikwambia orodha ya vitabu vya Biblia ilishafungwa mapema na kila mtu alikuwa ameridhika, mpe linki tu usibishane.

Kuna kitufe cha kubadilisha mwanga. Picha za kawaida, na picha zilizopigwa taa ikiwa inamulika kwa ubavuni, hizi zinaonyesha mikunjo ya ngozi na mistari waliyokwaruza ili waandike sawasawa. Kwa anayesoma maandiko tu hutaigusa sana, ila wanaopenda jinsi vitabu vilivyotengenezwa watapotelea humo usiku mzima.

Sasa mapungufu. Lugha za kuendeshea ni Kiingereza, Kijerumani, Kigiriki na Kirusi, yaani lugha za wenye karatasi, sisi wengine tujikaze. Tafsiri zipo kwa sehemu tu, sio kitabu kizima, kwa hiyo usiingie ukidhani utasoma Biblia nzima kwa Kiingereza, fungua Biblia yako ya kawaida pembeni mfuatane mstari kwa mstari. Kwenye simu sikushauri, imejengwa kwa skrini pana, kibox cha neno na picha havitoshi pamoja. Na picha ni nzito, ukiwa na bando la kubahatisha nenda sehemu yenye waifai.

Ile sehemu ya historia ya kitabu isome lakini isome kwa akili. Mjerumani Tischendorf, msomi wa maandiko ya kale, alifika Sinai 1844 akaondoka na karatasi 43, akarudi 1859 na safari hii sehemu kubwa ya kitabu ikaenda Urusi, na 1933 serikali ya Stalin ikaiuza Uingereza kwa pauni 100,000, zaidi ya nusu wakichangishwa wananchi. Tischendorf alidai alizikuta kwenye kapu zinasubiri kuchomwa, watawa wanapinga mpaka leo. Kwenye tovuti maelezo yameandikwa kwa makubaliano ya taasisi zote nne na inaonekana kabisa, kila sentensi imepimwa asiudhike mtu, neno wizi hulioni na neno shukrani nalo limewekwa kwa uangalifu. Sio uongo, ila ni upole wa watu ambao bado wanahitajiana.

Nyota ni 4 kati ya 5. Nakala iliyochapwa kitabu pia ipo ila bei yake ni ya maktaba, sio ya mtu mwenye ada za watoto. Ukiingia mara ya kwanza usianzie Mwanzo, kimebaki vipande tu utakata tamaa bure. Anza na Marko 1, ukimaliza ruka Luka 23, halafu kama Kigiriki unakijua kidogo tafuta mwisho wa Yohana 21, ule mstari wa 25. Aliyenakili alikuwa ameshafunga injili bila huo mstari, akaweka na pambo la kumalizia, halafu akafuta akauandika na kupamba upya. Waliligundua wataalamu wawili London kwa taa ya mionzi wakaliandika 1938, kwa hiyo kwenye picha za humu usitegemee kuyaona yaliyofutwa, utaona ule mstari na pambo la pili.