Kipima umeme cha elfu 38: friji langu limeumbuka

Wadau, mambo vipi, karibuni tena hapa Ilazo, Dodoma. Leo nimehamia jikoni, na mnisamehe kwa makelele, huo ni upepo wa Agosti unapigana na bati. Kitu chenyewe hiki hapa: kipima umeme. Unakichomeka ukutani, halafu friji unalichomeka kwenye hiki. Kioo kinakuonyesha wati, volti na yuniti. Mengine yako kwenye boksi, mtasoma wenyewe.

Naanza na kinachoniudhi. Pini! Tazameni. Mbili, za mviringo, wakati soketi zetu ni za pini tatu bapa. Nimetoa elfu 38, halafu nirudi tena mjini kutafuta adapta? Na adapta za bei chee zinapata moto. Ukiigusa ikakuchoma, chomoa.

Haya, utamu sasa. Friji langu ni la zamani, milango miwili, siyo inveta, yaani siyo zile ambazo mashine yake inapunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka. Nililipima siku saba bila kugusa chochote, likala yuniti 1.9 kwa siku. Ni 57 kwa mwezi! Wewe uliye kundi la matumizi madogo unalipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, mwisho yuniti 75. Friji peke yake limebeba 57. Zinabaki 18 za taa, pasi, tivii na simu za watoto. Ukivuka hapo, kila inayozidi ni 350. Halafu tunasema mita ya LUKU inatuibia, kumbe mwizi yuko jikoni anagandisha barafu.

Ngojeni niwaonyeshe kilichoniumbua. Nazima taa. Hii simu nimeazima kwa mama watoto, maana yangu ndiyo inarekodi. Nawasha tochi, naiweka rafu ya kati, hapa kati ya maharage na maziwa. Nafunga mlango. Sogeeni. Chini kabisa, upande wa bawaba... mnauona huo mstari wa mwanga? Kama mwanga unatoka, joto linaingia. Na hapo nimeshaurekebisha mpira wa mlango! Mwanzo niliibana noti ya elfu moja mlangoni, nikaivuta kidogo tu, ikaja kama niliiweka mezani. Nikachukua kitambaa na maji ya moto, nikaukanda mpira wote polepole, nikasafisha ile mikunjo ya ndani. Jamani, humo mlikuwa na juisi ya zabibu iliyokauka imechanganyika na vumbi letu, tope kabisa. Sasa noti inang'ang'ania pande tatu. Huku chini mpira umekufa, hapa ni fundi tu.

Nyuma nako. Ule wavu mweusi wa nyuma ulikuwa na rangi ya udongo. Nikachomoa friji, nikausugua kwa brashi ya rangi, nikalisogeza shubiri moja kutoka ukutani. Joto linalotolewa ndani linatokea pale, ukiliziba mashine inakesha. Na nyie wenye friji mpya zisizo na wavu, gusa ubavuni. Pa moto, si ndiyo? Mabomba yamefichwa humo. Sasa kile kitambaa cha kufuma kinachoning'inia mpaka katikati ya friji, mama zangu msinichukie, kikunjeni kiishie juu.

Kuna ile swichi ya namba ndani. Saba ndiyo baridi kali, siyo joto. Langu liliachwa kwenye sita tangu lile joto la Novemba. Julai ikaingia, watu tunalala na blanketi mbili, friji bado liko sita! Nimeweka tatu, na kipimajoto kilichokaa kwenye glasi ya maji usiku kucha kinasoma nyuzi 4. Inatosha.

Kuna mdau kaandika kwamba barafu ya friza anaichokonoa kwa kisu. Usithubutu. Jirani yangu alitoboa bomba, gesi ikasema pssss, leo friji lake ni kabati la sahani. Zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji moto ndani.

Matokeo: 1.2 kwa siku. Zamani lilikuwa linanguruma dakika 30, linapumzika 12. Sasa linafanya kazi 15, linapumzika 18. Nimeokoa yuniti 21 kwa mwezi. Aliye kundi la matumizi ya kawaida, anayelipa 292 kwa yuniti, hiyo ni kama 6,100, baada ya miezi sita na kidogo hela ya kifaa imerudi. Wa shilingi 100 anaokoa 2,100, atasubiri mwaka na nusu. Nilikuja hapa niwaambie mkanunue, lakini hesabu yenyewe inanikatalia. Msinunue, azimeni! Changeni watu watano mtaani, kila mtu akae nacho wiki moja. Changu tayari kina foleni.

Wanaoniuliza kuhusu inveta, nimewasikia. Wiki ijayo nakwenda Nkuhungu kupima la dada yangu, alilinunua kwa bei ambayo shemeji mpaka leo hajaambiwa, kwa hiyo video hiyo msimtumie. Kama hujajiunga na chaneli, bonyeza hapo chini...

Subirini. Mnasikia? Kuna simu inaita. Mbona kama iko mbali... Ohoo. Wadau, simu ya mama watoto bado iko kwenye friji.